Ukungu Ulio Rafiki wa Mkulima

Miongoni mwa maadui wa kahawa yetu ya Kilimanjaro, aliye mdogo kabisa ni mmoja wa wale wasumbuao sana. Ni mdudu mweusi, urefu wake haufiki milimita mbili, na wakulima humwita ruhuka. Jike huitafuta buni inayokomaa, akaitoboa kitovuni, yaani pale palipokuwa na ua, akaingia na kuzaa humo ndani. Na watoto wake huila punje ile ile ambayo mwenye shamba alitumaini kuiuza. Dume hawezi kuruka. Aghalabu huzaliwa humo na kufa humo. Basi dawa ya kunyunyiza itampataje mdudu aliyekwisha jifungia ndani?

Swali hili tulikutana nalo Machame. Ilikuwa baada ya Sala ya Alasiri, nasi tumeketi katika baraza ya msikiti pamoja na mzee mmoja mwenye kihamba na mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kijana alikuwa ameshuka Moshi mjini akarudi na chupa ya dawa kali, na babu yake amemkataza kuifungua.

“Babu, tusipopiga dawa juma hili, ruhuka watavuna kabla yetu,” akasema kijana.

“Na mfongo je, mjukuu wangu?” akajibu mzee. “Maji yale yakitoka kwangu yanakwenda kwa nani?”

Wasomaji wetu walio mbali na mlima huu yafaa wafahamu mfongo ni nini. Wazee wa Kichagga walichimba mifereji kutoka mito itokayo msituni, wakaipitisha kwa ustadi mkubwa katika miteremko, ikanywesha kihamba baada ya kihamba mpaka chini. Mtu wa juu akiosha pampu yake ya dawa katika mfongo, mtu wa chini huyapokea maji yale katika mgomba wake, katika kinywa cha ng’ombe wake, na pengine katika ndoo ya mtoto wake. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, akakataza kudhuru na kudhuriana. Kwa hiyo mzee yule hakuwa akibishana na elimu ya kijana. Alikuwa akimtetea jirani asiyekuwapo barazani.

Kijana naye hakukosa hoja. Akauliza kama kuiacha kahawa iliwe si kupoteza mali, na Uislamu hauruhusu kupoteza mali. Tukakumbuka mafundisho mengine ya Mtume (s.a.w.), kwamba Mwislamu apandapo mti, kila kinacholiwa humo na ndege, au mtu, au mnyama, huwa ni sadaka yake. Mzee akacheka, akasema sadaka ya ndege ameitoa kwa moyo mkunjufu tangu ujana wake, lakini huyu ruhuka amezidi, anakula sadaka na mtaji wake.

Tukaomba kuonyeshwa miti yenyewe. Chini ya kivuli cha migomba, mahali penye unyevu, tulikuta buni kadha wa kadha zilizotobolewa, na katika tundu za baadhi yake pamechomoza kitu cheupe, mfano wa unga au pamba iliyochambuliwa. Kijana alidhani ni maradhi mapya ya kahawa. Kumbe sivyo. Cheupe kile ni ukungu, na ulikuwa umeota juu ya maiti ya ruhuka.

Tusemapo ukungu hapa, hatukusudii ule wa mawingu unaokifunika Kibo asubuhi, bali ule uotao juu ya mkate uliolala, ambao wengine huuita kuvu. Aina zake ni nyingi mno. Zipo zinazoharibu chakula, zipo zinazoozesha majani makavu yakawa mbolea, na zipo chache ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia riziki yake iwe katika miili ya wadudu. Ule mweupe tuliouona aghalabu ni ule uitwao na wataalamu Beauveria bassiana. Jina la pili ni la heshima kwa Agostino Bassi wa Italia, ambaye mwaka 1835 alitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiangamiza wadudu wa hariri yaletwa na ukungu huo. Wakati huo watu walikuwa hawajathibitisha bado kwamba viumbe visivyoonekana kwa macho ndivyo viletavyo maradhi. Ndugu yake ni Metarhizium, ambao huanza mweupe kisha ukageuka kijani. Huu ulichunguzwa mwaka 1879 na Elie Metchnikoff huko Odessa, akauona ukiua wadudu wa ngano. Na miaka michache tu baadaye, mwaka 1884, Krassilstschik alianza kuuzalisha kwa wingi huko Ukraine kwa ajili ya mashamba ya viazisukari. Kwa hiyo jambo hili si la jana wala si la juzi.

Namna uuavyo yastahili kutazamwa. Ukungu huzaa kwa mbegu ndogo mno, mfano wa vumbi, ambazo wataalamu huziita spora. Mdudu hana haja ya kuila spora; yatosha imguse. Humganda ngozini, ikapata unyevu, ikachipua kama mbegu ya mtama, na mzizi wake ukalitoboa gamba kwa nguvu na kwa kulilainisha. Ukishaingia huenea ndani ya mwili na kumla. Mdudu huacha kula, hulegea, na baada ya siku kadhaa, pengine juma moja au zaidi, hufa. Hewa ikiwa na unyevu, ukungu hutoka nje ya maiti ukazaa spora nyingine, zikangoja mpitaji mwingine. Ruhuka jike hukutana nazo wakati anapohangaika pale kitovuni pa buni akitoboa. Ndiyo sababu spora zikiwapo juu ya buni kabla yake zaweza kumpata mlangoni. Akiisha kuzama ndani, nafasi imekwisha pita.

Hapo kijana akauliza swali la maana: ikiwa ukungu huu uko hapa kihambani bure, kwa nini ruhuka hawajakwisha? Jibu ni kwamba wa porini huja kwa kuchelewa na kwa uchache. Hungoja mvua, hungoja wadudu wawe wengi, na wakati huo buni zimekwisha toboka. Kazi ya mwanadamu ni kuuotesha kwa wingi, kuzivuna spora zake, na kuzipeleka shambani kwa wakati ufaao.

Na hapa ndipo tunapoingia jikoni. Spora za ukungu huu huoteshwa vizuri zaidi juu ya kitu kikavu chenye unyevu wa kiasi, si ndani ya maji. Njia hii wataalamu huiita uchachushaji wa juu ya kitu kigumu, na kitu kitumikacho mara nyingi ni mchele. Tumesikia baadhi ya ndugu wakishtuka kwa neno uchachushaji, wakidhani ni jambo la pombe. Hapana. Pombe hupatikana pale hamira inapogeuza sukari pasipo hewa ya kutosha. Ukungu huu unahitaji hewa ili uzae, na haulengwi kutoa kileo chochote. Akina mama waumuao maandazi na kugandisha maziwa wanajua kwamba si kila kilichochachuka ni kilevi.

Mchele huchemshwa nusu, uwe umelainika lakini kila punje imesimama peke yake. Ukipikwa ukawa bokoboko, hewa haipiti, na kazi imeharibika. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea mchele uliochemshwa ukiwa bado mpunga kabla ya kukobolewa, kwani haushikani upesi. Kisha hutiwa katika mifuko isiyoyeyuka kwa joto, ukawekwa katika chombo cha chuma kinachobana mvuke, mpaka joto lifike nyuzi 121. Lengo ni kuua kila kijidudu kilichomo. Wala mtu asiseme kuchemsha kwa kawaida kunatosha. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Pale Lyamungu, penye mita 1,200 na ushei juu ya usawa wa bahari, maji huchemka katika nyuzi 96 hivi, na viko vijidudu ambavyo mbegu zao hustahimili joto hilo kisha zikaota kwa furaha.

Mchele ukipoa hutiwa mbegu za ukungu safi, zilizochaguliwa na kutunzwa. Katika kazi kubwa hufanywa kwa hatua mbili: kwanza ukungu hukuzwa siku chache katika maji yenye sukari na chachu ili upate nguvu, kisha maji hayo ndiyo hutiwa katika mchele. Kutoka hapo ni kungoja katika chumba chenye nyuzi 25 hivi. Siku za kwanza punje hufunikwa na utando mweupe. Ikiwa ni Metarhizium, baada ya siku chache rangi ya kijani huanza kutokeza, na kwa kadiri ya majuma mawili mchele wote umefunikwa. Punje ya mchele hapa ni chakula na ni nyumba pia, maana spora hukaa juu yake zikiwa kavu, nazo hutoka kwa kutikiswa.

Lakini yamo mashaka. Ukungu nao hupumua, na kila kipumuacho hutoa joto. Mwenye kurundika majani mabichi ya ng’ombe akatia mkono katikati ya rundo siku ya pili anajua tunachosema. Mchele ukirundikwa kwa unene, katikati huungua wenyewe na ukungu hufa. Kwa hiyo hutandazwa tabaka nyembamba katika mifuko midogo au sinia, na hiyo ndiyo sababu kazi hii yataka nafasi na mikono mingi. Baadaye spora hukaushwa taratibu mpaka unyevu wake ufike asilimia 5 hivi, huchekechwa, hufungwa pasipoingia hewa, na kuwekwa mahali pa baridi. Zikikaushwa vibaya hufa pakitini bila ya mtu kujua.

Nchi yetu imekwisha onja faida ya kazi hii. Wazee wanawakumbuka nzige wekundu, ambao tangu mwaka 1930 mpaka 1944 waliitesa nusu ya kusini ya Afrika. Mazalio yao ni mbuga zenye majimaji, na baadhi ya yale makubwa yako Tanzania: Rukwa, Iku-Katavi, Wembere na Malagarasi. Mwaka 2009 walianza tena kuongezeka. Kunyunyiza sumu ya kawaida huko lilikuwa jambo zito, maana Katavi ni hifadhi ya wanyama na Malagarasi ni maji ya samaki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na shirika la kimataifa la kuzuia nzige wekundu, walitumia dawa iitwayo Green Muscle, nayo si kitu kingine ila spora za Metarhizium zilizooteshwa katika mchele na kuchanganywa katika mafuta. Zilimwagwa kwa ndege katika eneo la karibu hekta 10,000, na balaa likazuiwa. Kipimo chake ni gramu 50 kwa hekta moja, kiasi cha kujaza viganja viwili. Lakini katika kila gramu mna spora bilioni 50.

Dawa hiyo ilikuwa tunda la kazi iliyoanza mwaka 1989, wataalamu wa Afrika Magharibi na wa Ulaya wakishirikiana, baada ya ukungu wenyewe kupatikana Niger katika panzi. Walitumia zaidi ya miaka kumi. Mafuta ndiyo yaliyokuwa ufunguo, kwa kuwa spora katika mafuta huweza kumwingia mdudu hata katika hewa kavu ya jangwani. Mwanzoni mwa mwaka 2021, nzige wa jangwani walipovuka kutoka Kenya wakaonekana Mwanga, watu wengi wa Kilimanjaro waliwaona nzige kwa macho yao kwa mara ya kwanza. Hapo walielewa kwamba kisa cha nzige waliotumwa kwa Firauni, ambacho hukisoma katika Kurani, si habari ya mbali.

Katika Tanzania hii hii spora zimejaribiwa pia dhidi ya mbu. Mwaka 2005 ilitangazwa habari ya kijiji cha Lupiro, karibu na Ifakara, ambako vitambaa vyeusi vilivyotiwa Metarhizium vilitundikwa ndani ya nyumba, na mbu waliotua juu yake wakaambukizwa na maisha yao yakafupishwa. Lakini turudi mlimani.

Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi katika mashamba. Nairobi ipo taasisi ya wadudu iitwayo icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya. Humo zilichaguliwa aina za Metarhizium zifaazo kwa nzi wa matunda, vithiripi na utitiri, na huko Thika zikazalishwa kwa kuuzwa. Uganda, katika kituo cha Kawanda, Beauveria ilioteshwa juu ya mahindi yaliyopasuliwa ikawekwa kwenye mashina ya migomba ili kuwaua fukusi, wale wanaochimba kitako cha mgomba mpaka unaanguka kwa upepo mdogo. Nani asiyewajua fukusi hao katika kihamba? Colombia wakulima wa kahawa walifundishwa kuotesha Beauveria katika chupa zenye mchele kwa ajili ya ruhuka, ambaye asili yake ni Afrika yetu naye amewafuata mpaka kule. Na Kuba, tangu mwisho wa miaka ya 1980, vilienezwa vituo vidogo zaidi ya 200, vingi vikiwa katika mashamba yenyewe, ambamo vijana wa kijiji ndio waliokuwa mafundi.

Tulipofika hapo kijana alikuwa amesogea karibu, macho yamemng’aa. “Basi nami naweza kuotesha nyumbani,” akasema. “Mchele tunao, na mama ana sufuria.”

Tulimzuia, na tunawazuia na wasomaji wetu wote, kwa sababu ambayo haina mzaha. Mchele wenye unyevu katika chumba cha joto haungoji ukungu mwema peke yake. Uko mwingine, nao pia ni wa kijani, uotao katika mahindi, karanga na mchele usiokauka vema, na ndio utoao sumu kuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika chakula, na 20 kati yao wakafariki. Kwa macho ya mtu asiyefundishwa, kijani cha rafiki na kijani cha muuaji vyaweza kufanana. Anayeotesha bila ya kuua vijidudu kwanza, na bila ya hadubini ya kutazamia, hajui anazalisha nini. Tena mchele huo ukimwagwa uani kuku wakaula, au mtoto akauchezea, msiba umeingia nyumbani kwa mlango wa mbele.

Hata ukungu mwema una adabu yake. Kwa kawaida haukui katika joto la mwili wa mwanadamu, nyuzi 37, na kwa hiyo watu wenye afya hauwadhuru kama sumu zidhuruvyo. Lakini vumbi la spora likivutwa siku nyingi huamsha pumu na mzio. Waufanyao kazi hii hufunika pua na kinywa. Wala si kila mdudu ni adui: Beauveria ndiyo ile ile iliyoangamiza wadudu wa hariri wa Italia.

Kwa maoni yetu, kazi hii si ya jikoni, wala si lazima iwe ya kiwanda kikubwa cha wageni. Iko katikati. Yahitaji chumba safi, chombo cha mvuke, hadubini, ukungu wa asili uliothibitishwa, na kijana mmoja au wawili waliofundishwa vizuri. Chama cha ushirika chaweza kuwa navyo. Wachagga walianzisha umoja wao wa kahawa mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, wakati ambapo wengi waliona haiwezekani Mwafrika kuuza kahawa yake mwenyewe. Mchele nao hauko mbali: chini ya mlima, Mabogini na Chekereni, uko mpunga wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kumalizika mwaka 1987. Chenga, ambazo mwenye mashine huziuza kwa bei ya chini, ukungu hauzibagui.

Liko na jambo la sheria. Hakuna ruhusa ya kuuza kiuatilifu, kiwe cha sumu au cha spora, mpaka kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyo Ngaramtoni, Arusha. Baadhi ya watu huona huo ni usumbufu. Sisi twaona ni kinga, khususan kwa bidhaa kama hii ambayo kuipunja ni rahisi mno. Mwenye duka akipunja sukari, mizani itamfedhehesha. Lakini pakiti ya spora zilizokufa ina uzito ule ule, rangi ile ile na harufu ile ile ya spora zilizo hai. Kipimo chake si kilo, bali ni idadi ya zilizo hai: hutandazwa juu ya chakula chao, wakaachwa mpaka kesho yake, kisha fundi akahesabu kwa hadubini ni ngapi katika mia zimechipua. Mzuri hakubali kuuza zikipungua themanini na ushei. Kurani imewaonya vikali wapunjao vipimo, na hapa mnunuzi hana njia ya kukigundua kipimo ila kwa uaminifu wa muuzaji, mpaka msimu upite na kahawa iwe imekwisha toboka.

Mzee, ambaye muda wote alikuwa akisikiliza na tasbihi mkononi, akauliza swali lililotuonyesha kwamba yeye ndiye mkulima kati yetu. “Na mrututu je?”

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwa Kilimanjaro. Kwa miaka mingi kahawa yetu imeokolewa na dawa za shaba, kwa sababu chule buni na kutu ya majani ni maradhi ya ukungu, na shaba huua ukungu. Lakini dawa haichagui. Shaba ile ile yaweza kuziua spora za Beauveria pia. Mtu akinyunyiza spora leo na mrututu kesho, amechoma fedha zake kwa mikono miwili. Wenye miti ya zamani hawana budi kutenganisha siku za hiki na kile kwa ushauri wa mtaalamu, nao wasitarajie makubwa. Lakini kituo cha Lyamungu, kilichoanza utafiti wa kahawa mwaka 1934 na ambacho tangu 2001 kimo katika mikono ya TaCRI, kimetoa aina mpya za kahawa zinazohimili chule buni na kutu. Mwenye miti hiyo hahitaji mrututu kwa maradhi hayo, na katika shamba la namna hiyo ukungu mwema hupata nafasi ya kuishi. Hata kihamba chenyewe, kwa migomba na migrivea inayofunika kahawa, ni nyumba inayoufaa zaidi kuliko shamba lililo wazi, kwani jua kali huua spora kwa muda wa saa chache tu. Kwa ajili hiyo hunyunyizwa jioni, jua likiisha kuinama.

Wala ukungu haumwondolei mtu jembe. Buni zilizoanguka chini na zile zilizosalia mtini baada ya mavuno ndizo maghala ya ruhuka, humo hungoja msimu ujao. Zisipookotwa na kuteketezwa au kufukiwa, spora zitakuwa zikipigana na jeshi lisilokwisha. Kazi hiyo huwaangukia zaidi akina mama na watoto, na mara nyingi haihesabiwi kuwa ni kazi.

“Siku ngapi tangu kunyunyiza mpaka mdudu afe?” akauliza kijana. Tukamwambia juma moja, pengine zaidi. Akaitazama chupa yake, ambayo muuzaji alimwahidi itaua papo hapo.

Babu yake hakusema neno juu ya chupa. Aliinuka, akaenda kwenye mti ule wa pembeni, akachuma buni tano zenye weupe kitovuni, akamkabidhi mjukuu wake. Kijana alitaka kuzitia katika mfuko wa nailoni. Tukamwambia atumie karatasi, maana katika nailoni zitatoa jasho na kuota kila aina ya kuvu. Akazifunga katika ukurasa wa daftari lake la zamani la Bayolojia, akaandika juu yake tarehe na jina la kihamba. Kutoka Machame mpaka Lyamungu si safari ndefu, na Jumatatu ofisi huwa wazi. Chupa aliiacha juu ya rafu ya zizi, ikiwa bado imefungwa, na mzee akasema wataitafutia ufumbuzi wake akirudi.